Picha Ilisomwa na Nani?

Kwetu Mombo, mtu akirudi hospitali akasema "nimepigwa picha, hakuna kitu," mazungumzo huishia hapo. Eksirei imesema. Jumuiya inamshukuru Mungu, na kikohozi kikiendelea wiki mbili baadaye tunaanza kutafuta sababu nyingine: vumbi la barabara kuu, baridi ya kupanda na kushuka Soni, au jirani mwenye kijicho. Hakuna anayeuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: picha hiyo ilisomwa na nani, kwa muda gani, na msomaji aliambiwa nini kabla ya kuisoma?

Eksirei yenyewe haina mdomo. Ni vivuli vyeupe na vyeusi, na mtu mwenye nyama na damu ndiye anayeketi mbele yake kuvisoma, kama wewe unavyosoma ukurasa huu. Mtu huyo anachoka, anaitwa mlangoni, simu yake inalia, na foleni ya wagonjwa bado ni ndefu. Kwa zaidi ya miaka 50 watafiti wamekuwa wakiyafuatilia macho ya watu hawa wakiwa kazini, na waliyoyakuta nadhani yanamhusu kila anayekwenda kupimwa Korogwe, Lushoto au Bombo.

Kifaa cha kufuatilia macho siku hizi ni kidogo. Kinawekwa chini ya kioo cha kompyuta, kinamulika jicho kwa mwanga usioonekana, na kamera inarekodi mng'ao unaorudi pamoja na mahali mboni ilipo, mara nyingi katika kila sekunde. Mwishoni inapatikana ramani: hapa daktari alitua, pale aliruka, huku alirudi mara mbili, na kona ile hakuigusa kabisa.

Kwa nini macho yaruke? Nyoosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo la upana huo, au zaidi kidogo, ndilo pekee ambalo jicho linaliona kwa ukali wake wote. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unatujazia bila sisi kujua. Kwa hiyo jicho hutua, huruka, hutua tena, kama mara tatu au nne kwa sekunde. Hata sasa lako linafanya hivyo juu ya mstari huu. Mtu anayesema "nimeangalia picha yote" anasema ukweli kadiri anavyojua, ila ramani ya macho yake inaweza kumkana.

Mtafiti aliyeichimba sana habari hii ni daktari wa Marekani aitwaye Harold Kundel. Mwaka 1972, yeye na mwenzake walilinganisha macho ya watu wasio na mafunzo, wanafunzi wa udaktari na mabingwa wa mionzi. Wasio na mafunzo walikaa katikati ya kifua, wakivutwa na yaliyo makubwa na dhahiri. Mabingwa walizunguka mapafu kwa mapana. Mwaka 1975, safari hii pamoja na Calvin Nodine, aliwaonyesha mabingwa picha za kifua kwa sehemu moja ya tano ya sekunde tu, muda ambao jicho halipati nafasi ya kuruka. Hata hivyo walipatia karibu mara 70 kati ya 100. Walipoachiwa muda wautakao, walifikia 97. Mtu akisoma maelfu ya picha kwa miaka, jicho lake hushtuka kabla akili haijasema kwa nini. Ni kipaji cha kazi, na tukiheshimu.

Lakini utafiti wa mwaka 1978 ndio uliobadilisha namna ninavyotazama majibu ya hospitali. Kundel na wenzake walichukua vinundu vya mapafu ambavyo wasomaji hawakuviona, wakaiuliza ramani ya macho: jicho lilifika hapo? Kwa takriban 30 kati ya kila 100, halikufika kabisa. Kwa 25 hivi, lilipita haraka mno. Kwa 45 zilizobaki, karibu nusu, jicho lilifika, likatua, likakaa muda wa kutosha, na msomaji akaamua kwamba hakuna kitu.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tunapodhani kosa la daktari ni uzembe, dawa yake tunaijua: aangalie vizuri zaidi. Kumbe mara nyingi aliangalia. Kilichopungua kilikuwa katika uamuzi, na uamuzi haurekebishwi kwa kukodoa macho. Unahitaji habari nyingine, picha ya zamani ya kulinganisha, au mtu wa pili.

Mwaka 2013 watafiti watatu wa Boston, Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, walifanya jambo linalochekesha hadi pale unapokumbuka kwamba mgonjwa angeweza kuwa wewe. Walichukua picha za kipimo cha CT-Scan, kile kinachoonyesha kifua kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa, wakabandika ndani yake umbo la gorila lenye ukubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wakawaambia mabingwa 24 watafute vinundu. Mabingwa 20 hawakumwona gorila. Na kifaa cha macho kilionyesha kwamba 12 kati ya hao 20 walikuwa wamemtazama pale pale alipo.

Hawakuwa wajinga. Walitumwa kutafuta vinundu, wakatafuta vinundu. Akili iliyopewa kazi moja huyafumbia macho mengine hata yakiwa mbele yake, na bingwa hasalimiki na jambo hilo.

Sasa turudi kwetu. Vijana wengi wa ukanda huu wamewahi kwenda Mererani kuchimba tanzanite. Vumbi la miamba humwachia mchimbaji makovu katika mapafu na humweka karibu zaidi na kifua kikuu, na makovu hayo na kifua kikuu vinaweza kufanana katika picha. Kijana kama huyo akirudi nyumbani anakohoa, akafika kituoni, na kwenye karatasi ya kuomba kipimo pakaandikwa "kikohozi" tu, msomaji anaanza kazi akiwa nusu gizani. Pengine kijana mwenyewe hakutaka kutaja Mererani, kwa kuwa hakurudi na kitu. Pengine hakuulizwa. Mstari mmoja, "alichimba miaka minne," ungebadilisha maswali ya msomaji. Tena usiwe mstari wa kumfunga, maana gorila ametufundisha kwamba anayeambiwa kutafuta kitu kimoja tu atakiona hicho tu. Mgonjwa aeleze maisha yake yote ya kazi na ugonjwa, asilete jibu alilokwisha kulipanga nyumbani.

Picha za zamani nazo tuzitunze. Kivuli ambacho kilikuwapo miaka mitano iliyopita na hakijakua ni habari moja. Kilichozuka mwaka huu ni habari nyingine kabisa, na picha moja peke yake haiwezi kuzitofautisha. Wapo wanaozitupa, na wapo wanaoziweka kando kwa ajili ya kutazamia jua likipatwa, jambo ambalo linaharibu macho pia.

Kuhusu mtu wa pili, sisi Wakristo hatupaswi kuona ajabu. Kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko alikuwa ameshaguswa na Bwana mwenyewe, lakini watu aliwaona kama miti, akaguswa mara ya pili. Sitaki kuifanya Injili somo la mionzi. Nasema tu kwamba hakuaibika kusema bado haoni sawasawa. Nchini Uingereza picha za uchunguzi wa saratani ya matiti husomwa na watu wawili kama utaratibu wa kawaida. Na hapa kwetu, Morogoro, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi ambayo vituo vya afya vilishayapima, na wamewapata wagonjwa wa kifua kikuu walioambiwa hawana. Panya anaruhusiwa kurudia kazi ya daktari, sisi tunaona haya kumwomba daktari mwenyewe airudie.

Wapo watakaosema kompyuta itatuokoa. Picha za wagonjwa wa Bagamoyo zilishatumika kupima programu inayosoma kifua kikuu katika eksirei, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za aina hiyo zitumike kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Naziunga mkono, hasa pale ambapo hakuna bingwa. Hazichoki saa kumi jioni. Lakini nazo hutafuta zilichofundishwa kutafuta, na nisingependa tuwe na zahanati ambayo programu imesema "safi" na hakuna mtu aliyemwuliza mama yule kwa nini amekonda.

Najua pia hofu ya upande wa pili: maneno haya yatawafanya watu waache hospitali na kwenda kwa waganga. Mganga hana ramani ya makosa yake. Madaktari wamekubali macho yao yapimwe na makosa yao yahesabiwe hadharani, na kwangu hiyo ni sababu ya kuwaamini zaidi, pamoja na kuwauliza.

Kwa mafrateri mtakaotembelea wagonjwa: mgonjwa akikwambia picha ilikuwa safi ila bado anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku na nguo zinamlegea, usimwombee tu ukaondoka. Mrudishe kituoni, aseme wazi kwamba hali haijabadilika, aombe makohozi yapimwe na picha itazamwe tena. Ukiweza, nenda naye, maana mtu mnyonge huogopa kurudi kwa daktari aliyekwisha kumwambia haumwi.

Na kwa halmashauri zetu za walei, ambazo ninazijua kwa kupenda kuchangia vinavyoonekana. Mashine ya eksirei ina uzinduzi, ina utepe wa kukata, askofu anaibariki, picha zinapigwa. Karo ya kijana mmoja wa jimbo kusomea mionzi haina utepe. Chumba chenye mwanga hafifu, mlango unaofungika na muda usioingiliwa na simu havina utepe pia. Safari nyingine bajeti ya mashine ikiletwa mezani, nitaomba iwe na mstari wa yule atakayesoma, na mwingine wa atakayesoma baada yake. Na kama fedha hazitoshi kwa vyote, nitapiga kura mashine isubiri.