Jenga Nyumba Ndogo Iliyo Kamili



Kila niendapo mashambani pamoja na Bwana Shamba kuandika hesabu ya ng'ombe na magunia, huwa nahesabu kitu kingine ambacho sikutumwa na mtu. Nahesabu kuta zisizo na paa. Zimejengwa zikafika linta, kisha zikaachwa hapo. Nyasi zimeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule, mbuzi wamefungwa katika chumba cha wageni, na kando yake kuna kibanda ambamo mkulima, mkewe na watoto wanalala pamoja na moshi. Ukimwuliza mwenyewe atasema, "Bado kidogo tu, karani. Nikiuza viazi vya msimu huu nitaezeka." Msimu uliopita alisema vivyo hivyo.

Simcheki, maana mimi nami nilikuwa na kuta za namna hiyo kwa muda wa miaka minne.

Nilipopata kipande changu katika skimu, nilikuwa nimeona picha ya nyumba ya mjini yenye vyumba vitano, kona nyingi, na mapaa matatu yanayokutana juu. Nikampa fundi ile picha nikamwambia, "Hii." Nilikuwa nimesomea ualimu, nimefundisha watoto kupima eneo la mstatili kabla ya kuingia afisi ya kilimo, lakini sikuketi hata jioni moja na penseli kuipima nyumba yangu mwenyewe. Niliuza mitamba wawili. Fedha za mtamba wa kwanza ziliishia ardhini katika msingi uliozunguka kama njia ya nyoka, na za wa pili ziliishia kwenye linta. Kwa miaka minne mvua ikanyeshea kuta zangu, na mama watoto akapika katika kibanda cha mabati makuukuu kisicho na dirisha. Usiku nilisikia kikohozi chake nikajifanya nimelala.

Mwaka huo wa nne alikuja msanifu wa majengo, mzee aliyeitwa kutazama jengo la zahanati. Nikamwomba apite kwangu. Nilidhani atagonga ukuta na kunitajia bei. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa mama watoto akamwuliza, "Mama, asubuhi ukiamka unasimama wapi?"

"Nasimama kwenye moshi, mzee."

"Na maji unayatoa wapi?"

"Mtoni."

"Mvua ikinyesha usiku, nani huhamisha kitanda?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Halafu akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe nafasi katika gazeti hili. Alisema kwamba mkulima ambaye fedha zake huja mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, haifai ajenge kama mtu wa mshahara mkubwa au wa mkopo wa benki. Na aanze na nyumba ndogo iliyo kamili, yenye msingi, paa, gata, jiko na choo, kisha aiongeze chumba baada ya chumba jinsi shamba linavyompa. Lakini ramani ya nyumba nzima ichorwe tangu siku ya kwanza, ili kila chumba kipya kikute mahali pake panakingoja.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mawazo ya kumpa mkulima kitu kidogo anyamaze. Lakini jambo hili limekwisha jaribiwa na watu wenye akili zao. Huko Dandora, Nairobi, katika mpango ulioanza mwaka 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia, watu walipewa viwanja vipatavyo 6,000. Wengi wao hawakukabidhiwa nyumba nzima. Walipewa kiwanja chenye choo na bafu, maji na njia ya maji machafu, kisha wakajijengea vyumba wenyewe kidogo kidogo. Na katika nchi ya Chile, katika mji wa Iquique, mwaka 2004, msanifu Alejandro Aravena na wenzake waliwajengea karibu familia 100 nusu ya nyumba tu, kwa kuwa fedha ya serikali haikutosha nyumba nzima nzuri. Walijenga ile nusu ambayo mtu wa kawaida hawezi kuijenga vizuri peke yake, yaani kuta kubwa, ngazi, jiko na bafu, wakaacha nafasi wazi kando yake ili wenyewe waijaze. Na wakaijaza. Mwaka 2016 Aravena alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kwa wasanifu wa majengo duniani. Mtu huyo hakuona haya kujenga nusu, basi mimi na wewe tuna haya gani?

Sasa chukua penseli, kama nilivyowaambia watoto zamani. Nyumba ya futi 40 kwa futi 10 ina eneo la futi za mraba 400. Nyumba ya futi 20 kwa futi 20 nayo ina 400. Lakini zunguka nje yake: ya kwanza ina futi 100 za ukuta, ya pili futi 80. Futi 20 za mawe, za simiti na za msingi zimeokolewa, na hujapunguza hata nafasi ya kiti kimoja. Kila kona unayoiongeza kwa ajili ya urembo inarefusha ukuta. Na pale juu mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, ndipo maji hupenya kwanza. Paa lenye miteremko miwili na mgongo mmoja ulionyoka ni rahisi kwa fundi, halina bonde, na siku ukitaka kuiongeza nyumba unaendeleza mgongo ule ule mbele bila kubomoa.

Kuhusu mahali pa kujenga, wengi wetu huweka nyumba kandokando ya barabara, uso wake kwa wapita njia. Msanifu yule aliuliza habari za jua. Sisi tulio karibu na ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi. Linaloingia ndani ya nyumba ni la asubuhi na la alasiri. Kwa hiyo katika mahali pa joto kama Mwea, kuta ndefu zenye madirisha na zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zipokee jua. Lakini kule Kinangop, penye baridi ya kugandisha vidole, chumba cha kulala kikielekea magharibi na kuwa na ukuta mnene kitalishika joto la alasiri hadi usiku. Ramani moja haiwezi kufaa pande zote mbili, hata kama ni nzuri namna gani katika picha. Boma la ng'ombe na liwe chini ya nyumba kwa mteremko, na choo kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30.

Msingi nitausema kwa urefu kidogo, kwa kuwa umefunikwa na udongo na ndiyo sababu watu huuibia. Mahali penye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hata ukaweza kutia mkono katika ufa, ardhi huvimba ikilowa na kunywea ikikauka. Nyumba iliyokaa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Jirani yangu mmoja alichimba futi mbili tu, akasema inatosha kwa kuwa nyumba haina ghorofa. Sasa ufa umetoka kona ya dirisha hadi kwenye mapao, na kila baada ya mvua yeye huuziba kwa simiti, nao hufunguka tena kando ya ile simiti. Udongo huo na uondolewe mpaka ufike chini kwenye ardhi ngumu. Ikiwa umechimba na hujaiona, simama hapo, mtafute mtu aliyesomea majengo kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya kokoto. Usipande mikalitusi karibu na ukuta, maana hufyonza maji ardhini na kuifanya inywee zaidi. Maji ya paa nayo yasiachwe kumwagika kando ya msingi.

Na hayo maji ya paa ni mali. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la futi 18 kwa futi 30, ukipima pamoja na upenu, ni kama mita za mraba 50. Mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 50,000. Tutoe sehemu moja kwa tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 40,000, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Ni zaidi ya mitungi mitano kwa kila siku ya mwaka, ijapokuwa mvua haiji kila siku na tangi letu halitayashika yote. Niliposoma hesabu hiyo kwa sauti, mama watoto aliniuliza kwa nini sikuifanya miaka minne iliyopita. Sikuwa na jibu. Mkulima anayenunua vigae vya rangi vya sebuleni kabla ya gata na tangi, mimi naona amekosea, na nitamwambia hivyo hata akikasirika.

Jiko nalo wanaume tunaliacha nyuma kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Basi chumba cha jiko kiwe katika sehemu ya kwanza ya ujenzi, si ya mwisho. Kiwe na bomba la moshi linalopita juu ya mgongo wa paa, na madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Na kabla ya kukichora, mwulize anayepika. Mimi ningaliweka meza upande wa giza. Yeye ndiye aliyenionyesha.

Ufundi wa kuongeza chumba baadaye ni mdogo tu. Pale utakapokuja kufungua mlango wa chumba kipya, weka linta yake sasa hivi, kisha ziba chini yake kwa matofali. Siku ikifika unayatoa matofali, na ukuta wote hautikisiki. Mwambie fundi hivyo mapema, maana mafundi wengi hawapendi kuweka linta juu ya mlango usiokuwapo. Wangu alidhani nimechanganyikiwa.

Nao wenye nyumba za udongo wasizibomoe kwa aibu. Wengi wa wazee walioingia katika skimu za ule mpango wa eka milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walianza na kuta za udongo. Udongo hauchukiwi na kitu ila maji. Uinue msingi wa mawe juu ya ardhi, utoe upenu wa paa kiasi cha futi mbili au tatu ili mvua isiupige ukuta, na ukuta huo utakaa. Kosa ninaloliona sana ni kuupaka plasta ya simiti juu ya udongo mtupu ili nyumba ionekane ya mawe. Simiti ni ngumu, udongo unacheza, na maji yakipata ufa hujificha nyuma yake. Baada ya misimu michache plasta inabambuka kama ganda la yai. Afadhali udongo uliochanganywa na chokaa, au wavu wa waya upigiliwe vizuri kwanza.

Limebaki lile la watu watasema nini. Walisema. Tulipochagua vyumba viwili vya upande wa mashariki, tukaviezeka peke yake, na mawe ya kuta nyingine tukayashusha kujengea jiko na choo, jamaa mmoja alinipita njiani akaniuliza kama karani amefukuzwa kazi hata anabomoa nyumba yake. Nilijibu kwamba nimechoka kuwajengea mbuzi. Kazi yote ilikwisha kwa viazi vya msimu mmoja na akiba kidogo, na mvua ya masika ilitukuta ndani.

Chumba cha tatu kiliongezwa mwaka jana. Cha nne kimekwisha chorwa. Mlango wake uko ukutani, umezibwa kwa matofali, na linta iko juu yake inangoja mtamba mwingine azae. Ramani yenyewe, iliyochorwa kwa penseli katika daftari la shule, iko mezani pangu afisini. Atakayetaka kuinakili na aje siku yoyote ya kazi, aje na rula yake, na akiweza aje na mkewe.