Likizo ya Juni: Serengeti iko mlangoni petu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wa huku Bariadi hulihesabu kuwa ni anasa ya watu wengine, nalo ni matembezi ya familia wakati wa likizo ya shule.

Tangu filamu ya The Royal Tour ilipotoka mwaka 2022, tumehimizwa sana juu ya utalii wa ndani. Himizo ni jema na silipingi. Lakini hapa kijijini maneno hayo yanasikika kama habari za Arusha na Zanzibar, habari za ndege na mahoteli. Hakuna anayekaa na mkulima wa pamba akampigia hesabu: nauli ni ipi, chakula ni kipi, na je, lazima mtu alale huko? Hesabu hiyo ndiyo nataka kuipiga.

Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi, wilayani Busega, ni lami tupu, kilometa zipatazo 72. Pale Lamadi unakuta barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na mwendo mfupi tu kuelekea Bunda unafika Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtu akiondoka Bariadi alfajiri, saa tatu asubuhi anaweza kuwa ndani ya hifadhi, na jioni akarudi kulala kwake. Tena likizo yetu ya Juni imeangukia wakati mzuri kuliko wote. Huo ndio msimu ambao makundi ya nyumbu hupita ukanda huu wa magharibi na kuufikia Mto Grumeti. Ule udongo mweusi wa mbuga, ambao masika humeza gari mpaka mlangoni, Juni huwa umekauka. Watu wa Ulaya hulala ndani ya ndege usiku mzima kuja kuona nyumbu hao hao.

Ada ya kiingilio kwa raia siyo ya kutisha. Katika viwango vya TANAPA vya miaka ya karibuni, mtu mzima Mtanzania hulipa shilingi 10,000 na mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa shilingi 2,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mtoto wa chini ya hapo haingii katika hesabu. Basi baba, mama na watoto wanne wa shule ni shilingi 28,000 na kodi juu yake. Wapo wanaotumia zaidi ya hapo kwa pombe siku moja ya mnada, nami sitawataja.

Kinachotushinda ni gari. Ndani ya hifadhi hakuna kutembea kwa miguu unavyotaka wala hakuna daladala. Lazima uwe na gari, nalo hulipiwa ada yake kwa kadiri ya uzito, na mwenye gari anataka mafuta na faida. Familia moja ikikodi peke yake, fedha ya pamba ya ekari nzima inaweza kwisha barabarani. Lakini kosta moja hubeba watu zaidi ya ishirini. Kaya nne au tano zikishirikiana, gharama ya gari inagawanyika na kuwa kitu cha kuzungumzika. Chakula kipikwe nyumbani usiku wa kuamkia safari: viazi, ugali wa asubuhi, kuku, madumu ya maji. Mahali pa kupumzikia na kula pametengwa humo humo hifadhini.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu, Juni ni kazi, pamba iko shambani na ng'ombe wanataka mchungaji." Ni kweli, na sisemi watoto wasiwasaidie wazazi wao. Nasema likizo ina majuma kama manne, nami naomba siku moja tu. Juni pia ndiyo mwezi ambao mkulima wa mkoa huu, unaoongoza nchini kwa pamba, anashika fedha kupitia chama chake cha ushirika. Ikifika Desemba, likizo ile nyingine, mfukoni hamna kitu, mvua inanyesha na jembe liko mkononi. Kama siyo Juni, basi siyo mwaka huo.

Liko jambo lingine linalonikera zaidi ya hilo la gharama. Vijiji vya Meatu, Itilima na Bariadi vinavyopakana na Pori la Akiba Maswa na Serengeti hupata taabu ya tembo kuingia mashambani. Ukimwuliza mtoto wa huko juu ya tembo, atakueleza usiku wa kupiga madebe na kuwasha moto, na mahindi yaliyokanyagwa. Tembo kwake ni mwizi. Hajapata kumwona mchana, ametulia, akinywesha mtoto wake. Halafu sisi walimu tunasimama darasani kumfundisha kwamba wanyamapori ni urithi wake na kwamba asishirikiane na majangili. Urithi gani huo ambao hasara yake unaipata nyumbani kwako, na uzuri wake wanauona wageni? Siamini kwamba safari moja ya kosta itamaliza ugomvi wa watu na tembo. Lakini anayeambiwa avumilie ana haki ya kuona anachokivumilia.

Wala kupumzika baada ya mavuno siyo jambo lililoletwa na wageni. Wazee wetu wa Kisukuma, kazi za shamba zikiisha na kiangazi kikishika, walitoka kwenda mbina. Bagika na Bagalu walishindana kwa siku kadhaa, na watu wakatembea kwa miguu kutoka mbali kwenda kutazama, na watoto wao mgongoni. Mpaka leo pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, ngoma huchezwa mwezi wa Juni katika sikukuu ya Bulabo, na ipo makumbusho ya Wasukuma aliyoianzisha Padre David Clement. Kwa familia isiyoweza kukodi gari, hiyo ni safari ya basi la kawaida tu, kwani Kisesa iko juu ya barabara hiyo hiyo ya Musoma. Anayetaka upande wa pili aende Butiama, akawaonyeshe watoto kaburi la Mwalimu na makumbusho yake.

Ziwa nalo liko Busega, halina kiingilio. Hapo natoa tahadhari moja tu: watoto watazame, wale samaki, lakini wasioge hovyo. Kichocho kipo, na mamba na viboko hawana likizo.

Ombi langu kwa halmashauri zetu, kamati za shule na vyama vya ushirika ni dogo. Mwezi wa Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, yafunguliwe pia majina ya wanaotaka kwenda Ndabaka, kila mzazi aweke akiba kidogo kidogo, na chama kikodi gari kwa niaba ya wote. Wenzetu wa TANAPA nao, ambao huja vijijini kutufundisha uhifadhi, watuambie mapema ni siku zipi watatupatia askari wa kutuongoza ndani. Shule za Bariadi zikishafunga, wazazi hutawanyika, na kuwakusanya tena ni kazi ya kwenda mlango kwa mlango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bariadi, Simiyu.