Mtoto Asikose Skuli kwa Kukosa Sare

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kwamba elimu itatolewa bila ya malipo kwa watoto wote wa Visiwa hivi. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka, na inastahiki kuadhimishwa. Michango ya wazee iliyokuja kuingia baadaye nayo iliondolewa: ya skuli za msingi mwaka 2015, na ya sekondari mwaka 2018. Hapana asiyeona kwamba hatua hizo zimewafungulia mlango watoto wengi wa wanyonge.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kuufikia ni jambo jengine. Mtoto anahitaji sare, viatu, madaftari, nauli, na chochote cha kutia tumboni kabla ya kukaa darasani. Kwa anayeishi katika kisiwa kidogo, ikiwa skuli ya juu iko ng'ambo, huongezeka nauli ya chombo kwenda na kurudi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2019/20 ulionesha kwamba asilimia 25.7 ya watu wa Zanzibar, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne, waliishi chini ya kiwango cha mahitaji ya lazima. Katika nyumba za namna hiyo, jozi moja ya viatu ni shauri la mwezi mzima.

Anayeumia zaidi ni yatima anayelelewa na bibi yake, mtoto wa mama aliyeachwa na ambaye riziki yake ni mwani, na mtoto mwenye ulemavu. Mtoto huyu hafukuzwi na mwalimu. Hukosa siku moja kwa kuwa sare haijakauka na hana ya pili; hukosa wiki kwa kuwa msimu wa karafuu umefika na kuna senti za kuokota; kisha huona haya kurudi kwa wenziwe waliomtangulia. Siku jina lake linapofutwa katika daftari la mahudhurio, yeye yuko pwani zamani.

Wapo watu wema wanaowasaidia watoto hawa. Wafanyabiashara, jumuiya, na jamaa zetu walioko Tanzania Bara, Oman, Ghuba na Ulaya hulipia mahitaji ya watoto ambao pengine hawajapata kuwaona. Tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, ni wajibu wetu kusema kwamba ufadhili unaokwenda kwa bahati una kasoro zake. Humpata aliye karibu na barabara, au mwenye jamaa anayejua pa kubisha hodi, na kumwacha aliyeko ndani zaidi. Hukatika pale mfadhili anapopatwa na dhiki, na mtoto akabaki katikati ya masomo kama abiria aliyeteremshwa njiani. Na mara nyengine mtoto husimamishwa mbele ya watu apigwe picha na mkoba wake mpya, ilhali dini imetufundisha kutoa kwa mkono wa kulia hata wa kushoto usijue.

Iko pia dhana kwamba kumsaidia mtoto masikini ni kumtoa kwao na kumweka katika nyumba ya kulelea watoto. Yupo anayehitaji hifadhi hiyo, kwa kuwa hana mtu. Lakini mtoto mwenye bibi anayempenda hana haja ya kitanda cha ugenini. Haja yake ni sare na buku. Msaada umfuate nyumbani kwao.

Tunachopendekeza hakihitaji chombo kipya. Sheha anaijua kila nyumba; mwalimu mkuu anajua nani ameanza kukosa; ofisa wa ustawi wa jamii anajua taratibu. Watatu hawa, pamoja na kamati ya skuli, wakae kabla ya mwaka wa masomo kuanza na waandike orodha ya watoto wenye hofu ya kuachia njiani. Orodha hiyo iwe siri yao, ila hesabu ya fedha iwe wazi kwa kila mtu. Mfadhili atakayejitokeza aelekezwe kwenye mfuko wa shehia, ili mmoja akiondoka wengine washike. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2007, ina nafasi kubwa hapa, kwani masikini ni katika wanaostahiki zaka, na wakfu kwa ajili ya elimu ni jadi yetu ya tangu zamani.

Watakuwapo watakaosema kwamba kila mzee abebe mzigo wake, na kwamba msaada huzaa uvivu. Tunawakumbusha kwamba mwaka 2016 Serikali ilianza kuwalipa pencheni wazee wote waliotimia miaka 70, na hapana aliyewaita wavivu. Wala si ajabu sehemu ya pencheni hiyo ikaishia katika sare ya mjukuu. Aidha, tangu mwaka 2011 tunayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ni jambo jema. Lakini aliyeiacha skuli akiwa na miaka kumi na miwili hatafika kamwe kubisha katika mlango wa Bodi hiyo.

Wakati wa kupanga bajeti, wakubwa wanaohusika walipe fungu jambo hili, hata likiwa dogo kwa kuanzia. Nasi wananchi tusingoje. Mkono mmoja haulei mwana, na mtoto wa jirani anayeshinda pwani saa za masomo tunamwona sote.