LORI HALINA BREKI, GOGO NI WEWE?

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana unayedandia lori la mkaa pale Kibiti ili ufike Dar bila nauli, nisikilize. Vigogo tumewazoea. Leo tuzungumzie gogo lenyewe, lile ambalo utingo huruka nalo kuzuia tairi.

Unayajua malori makongwe yaliyostaafu jeshini. Yalitengenezwa kubeba askari, yakauzwa, yakageuka ya korosho, boriti na mkaa. Mengi ya aina hiyo yana breki za mafuta zenye mfumo mmoja: bomba likipasuka, tairi zote hazina breki.

Zamani ubovu wa barabara ulituokoa. Mchanga wa Kibiti na tope la Rufiji ndivyo vilivyokuwa breki. Pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kila gari lilisimama kungoja pantoni. Sasa ni lami na daraja, mwendo umeongezeka, lakini lori kuukuu ni lile lile.

Pedeli ikizama ufanyeje? Dereva, usiweke frii wala usizime injini, maana injini ndiyo breki uliyobaki nayo. Kama breki ni za mafuta, pampu harakaharaka. Kama ni za upepo, usipampu, utaumaliza. Shusha gia moja moja kwa utulivu. Ukiikosa gia, umebaki frii. Handibreki ivute kidogo kidogo, ukiing'ang'ania ghafla lori litayumba. Piga honi mfululizo, washa taa, kisha tafuta mchanga, kichaka au mwinuko. Bampa hununuliwa, roho hainunuliwi.

Nawe utingo, usiruke na gogo mbele ya lori linalotembea! Gogo ni la kuwekwa lori likishasimama. Tani za mkaa hazimjui mtoto wa mtu.

Hayo ni ya kujiokoa tu. Swali ni hili: lori hilo liliruhusiwa na nani kutoka? Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililofeli breki liliparamia magari mengine na watu 25 wakafa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani. Lakini tajiri akisema "nenda nalo hivyo hivyo", na trafiki akipewa kitu kidogo, sheria inabaki kabatini na mlalahoi anabaki juu ya magunia.

Kijana mwenzangu, kabla hujapanda, mwambie dereva akanyage breki mbele ya macho yako. Akikucheka, shuka. Akikwambia "twende tu, Mungu yupo", shuka upesi zaidi. Nauli ya basi utaikopa kwa rafiki. Mguu utaukopa kwa nani?