Mashine ya Dhahabu Ijaribiwe Ardhini Kabla ya Fedha Kutolewa

KATIKA minada ya ng'ombe ya Usukuma hakuna mkulima anayenunua maksai kwa kuonyeshwa picha. Humfungua mnyama kinywa akatazama meno, humtembeza, humkagua kwato, na ikiwezekana humfunga jembe akamwona akivuta. Huuliza pia chapa ni ya nani na mnyama ametoka kijiji gani. Fedha hutolewa baadaye. Lakini mkulima huyo huyo, akishauza maksai wake ili anunue mashine iliyokwisha tumika ya kutambua dhahabu, yaani ile ambayo vijana huiita ditekta, hukabidhi mamilioni ya shilingi kwa mtu aliyekutana naye katika nyumba ya wageni, kwa sababu tu mashine ililia ilipopitishwa juu ya pete.

Jambo hili si dogo, wala halimhusu mchimbaji peke yake. Watumishi wa serikali na walimu wa mikoa ya Geita na Shinyanga wamo ndani yake kuliko wanavyopenda kukiri. Si ajabu kukuta mashine imenunuliwa kwa mkopo ambao mwalimu ameuchukua katika chama cha akiba na mikopo, ikakabidhiwa kwa vijana wawili au watatu wanaozunguka nayo maporini, na mapato yakagawanywa kwa mafungu yaliyopatanwa kwa mdomo. Makato ya mkopo huanza mwisho wa mwezi huo huo, na dhahabu haifuati kalenda ya mishahara.

Hamu ya mashine hizi inaeleweka. Miamba inayotoka Geita kuelekea Kahama na Shinyanga imetoa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pembeni yake wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na, kwa upande wa Shinyanga, Mwakitolyo, wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa sululu na karai. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na mchimbaji akapata mahali pa halali pa kuuzia. Oktoba 2025 bei ya wakia moja katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Katika hali hiyo, kijana asiye na mtaji wa kuchimba duara, kununua matimba na kukodi karasha, huiona mashine inayobebwa begani kuwa njia ya mkato.

Njia hiyo ipo, ila ina mipaka ambayo muuzaji hasemi. Mwalimu wa fizikia hatapata taabu kuieleza. Ndani ya sahani ya chini ya mashine mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo huzaa uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huzaa uga wake mdogo unaorudi kwenye sahani na kugeuzwa kuwa sauti masikioni. Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza hutuma mawimbi mfululizo. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na huona vizuri punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi. Ya pili hutuma mapigo ya haraka, kisha husikiliza kati ya pigo na pigo. Hiyo ndiyo huvumilia udongo wenye chuma kingi, na ndiyo ya bei kubwa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Geita, kwa sababu vilima vya huko vina miamba ya chuma yenye matabaka, iliyojaa madini ya sumaku, na mara nyingi dhahabu yenyewe hukaa humo humo. Mashine ya aina ya kwanza ikipelekwa juu ya miamba hiyo huweza kulia kila hatua. Mnunuzi hudhani imekufa, na muuzaji aliyekuwa mkweli huitwa tapeli. Au huwa kinyume chake: mashine ni mbovu kweli, na muuzaji anausingizia udongo. Asiyejua tofauti ya aina hizo mbili hana namna ya kuamua kati ya maelezo hayo mawili.

Tena hakuna mashine ya namna hii inayosikia punje ya dhahabu iliyo mita kumi chini. Punje yenye ukubwa wa mbegu ya mtama husikika katika sentimita chache tu. Kipande kikubwa husikika mbali zaidi, lakini bado ni kina cha sululu na sepetu, si kina cha duara. Dhahabu iliyo laini kama vumbi na kufungwa ndani ya jiwe, mashine haiisikii kabisa, hata ikiwa mpya. Na anayeuza fimbo mbili za shaba au kisanduku chenye antena, akidai kwamba huvutwa na dhahabu iliyo nusu kilomita mbele, ni mwizi. Hapana haja ya kumtafutia neno la upole. Udanganyifu wa aina hiyo umekwisha wapata watu wakubwa. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraki vifaa vya kutambua mabomu vilivyoigwa kutoka kitu cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu. Havikuwa na chochote ndani kilichofanya kazi, na askari walivitegemea barabarani. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10.

Hatari iliyo karibu zaidi ni bandia. Mashine zinazosifiwa sana katika nchi za Afrika zenye dhahabu ya juu juu ni za Minelab ya Australia, hasa ile iitwayo GPX 5000. Wakati wa wimbi la dhahabu la Sudan, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nakala bandia zilimiminika hata Codan, kampuni mama ya Minelab, ikalalamika kwamba mauzo yake katika Afrika yameharibiwa. Mwaka 2015 ikafahamika kwamba siri za utengenezaji zilikuwa zimeibwa kupitia kompyuta ya mfanyakazi wake aliyekuwa safarini China. Bandia ina rangi ile ile, jina lile lile, na hata namba. Kwa hiyo namba iliyobandikwa si ushahidi mpaka iulizwe kwa wakala wa kampuni.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza akatae kujaribia chumbani. Sakafu ya zege ina nondo, ukuta una nyaya, na pete iliyo hewani husikika hata kwa mashine iliyokwisha poteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Majaribio yafanyike nje, mbali na nguzo za umeme wa REA. Simu zizimwe, panga na sepetu viwekwe kando. Mnunuzi aje na vipande vya risasi, kwa mfano chubwi za nyavu za wavuvi wa Ziwa Viktoria, maana risasi huitikia karibu sawa na dhahabu na haimtii mtu tamaa. Avifukie vipande vya ukubwa mbalimbali, sentimita 10, 20 na 30, katika udongo wa aina ile ile atakaoufanyia kazi, na anayeishika mashine asijue vilipo. Ardhi iliyochimbuliwa huweza kubadili sauti kidogo, kwa hiyo afukue na kufukia pia mashimo matupu mawili matatu. Mashine inayolia juu ya mashimo matupu sawasawa na juu ya risasi imekwisha jieleza.

Kabla ya hapo isawazishwe na ardhi: sahani huinuliwa na kushushwa mara kadhaa mpaka sauti itulie. Kisha waya wa sahani utikiswe polepole, hasa pale unapoungana na mashine, maana huko ndiko hukatikia. Kelele zikizuka, waya umekatika ndani ya mpira wake. Sahani igongwe kwa vidole. Ikilia, huenda kiungo kimeachia au maji yaliingia. Kifuniko cha chini cha sahani kifunguliwe na kufutwa, kwani hukusanya matope yenye mchanga mweusi wa sumaku, na si mara moja mashine nzima imelaumiwa kwa uchafu ambao kitambaa kingeuondoa. Mipangilio irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, kwa kuwa mtumiaji wa zamani huenda aliacha usikivu umepandishwa kupita kiasi. Mwisho, iachwe ikifanya kazi saa mbili au tatu. Ziko kasoro zinazojitokeza tu mashine ikipata joto, na betri iliyochoka hudai imejaa kisha huzimika baada ya nusu saa. Muuzaji anayesema ana haraka ya basi la Mwanza amekwisha jibu swali.

Gharama ya kupuuza hayo si fedha peke yake. Mashine inayopoteza usikivu kidogo kidogo haizimiki. Huendelea kulia juu ya vizibo vya soda na misumari, vijana huendelea kutembea, na jioni hurudi mikono mitupu. Wiki ya tatu mwenye mashine huanza kuuliza maswali. Wiki ya sita huamini kwamba anafichwa. Vijana hao, ambao pengine ni watoto wa shangazi yake au wanafunzi wake wa zamani, huitwa wezi mbele ya watu kwa kosa la waya uliokatika. Chubwi moja ikifukiwa mbele ya pande zote mbili kila Jumatatu asubuhi, shauri hilo lingekwisha kwa dakika 10.

Hapa ndipo elimu ya mwalimu na mtumishi inapotakiwa kijijini. Hati ya mauziano itaje jina na namba ya mashine, sahani, betri na chaja, hali yake siku ile, na siku za majaribio ambazo mnunuzi anaweza kurudisha. Muuzaji akiandika kwamba ni GPX 5000 halisi na ikaonekana bandia, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi mahali pa kusimamia. Mafungu ya mapato nayo yaandikwe. Na ieleweke kwamba mashine si leseni: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutafuta madini bila haki ya madini, na shamba la mtu haligeuki pori kwa sababu sauti imelia humo.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mnunuzi mzigo wote. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Gari lililotumika linaloletwa nchini hukaguliwa na Shirika la Viwango. Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia. Mashine iliyotumika ya kutambua dhahabu, inayouzwa kati ya mtu na mtu, hutoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule bila muhuri wa yeyote. STAMICO, shirika lililoanzishwa mwaka 1972, limekwisha jenga vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo huko Lwamgasa wilayani Geita na Katente wilayani Bukombe. Hapana sababu vituo hivyo visiwe na kiwanja cha majaribio ambako muuzaji na mnunuzi hufika kwa ada ndogo na kuondoka na karatasi yenye tarehe na matokeo, na Shinyanga ikapata chake Mwakitolyo au Kahama. Kiwanja chenyewe kinahitaji hatua hamsini za ardhi nyekundu, vipande vya risasi vilivyofukiwa kwa vina vinavyojulikana, na mtumishi mmoja mwenye daftari.