Kina Si Kipimo Pekee

Wapo wanaodhani kwamba kifaa bora cha kugundua metali ni kile kinachofika chini zaidi. Sikubaliani nao. Mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu hufukiwa karibu na uso wa ardhi, na mengi yana ganda la plastiki lenye metali kidogo mno. Hapo usikivu hushinda kina. Tena udongo mwekundu wenye chuma huweza kukihadaa kifaa, kikalia pasipo kitu.

Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu hayo. Miongoni mwa walioyatafuta ni panya waliofunzwa Morogoro, ambao hunusa kilipuzi chenyewe wala hawajali misumari. Basi anayechagua kifaa aulize kwanza: natafuta nini, katika udongo gani? Uhai wa mkulima hutegemea jibu hilo.