Terabaiti 80 za kununua, 24 za kutumia

Wauzaji wa kompyuta wana bidhaa moja wanayoinadi kwa nguvu kwa mabenki madogo, hospitali, vyama vya akiba na mikopo na makampuni ya kusafirisha mizigo. Jina lake ni haipakonvaji. Zamani mwenye kituo cha data alinunua seva za kufanyia kazi, akanunua na kabati la diski la kuhifadhia data, kisha akaweka mitambo ya kuviunganisha. Katika mpango huu anauziwa seva 3, 4 au zaidi zinazofanana, kila moja na diski zake tumboni, na programu huzikusanya diski zote ziwe ghala moja. Juu ya ghala hilo huendeshwa mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ambazo kumi au ishirini zinaweza kukaa ndani ya seva moja.

Bidhaa yenyewe si mbaya. Hupunguza vyombo, hupunguza mafundi, na mtu anaweza kuanza kidogo na kuongeza kadiri mtaji unavyoruhusu. Ubaya uko kwenye profoma. Mwenye fedha asiyeisoma vizuri atalipa mara mbili: mara moja kwa vyuma, na tena kila mwaka kwa leseni.

Hesabu ya ghala

Chukua seva 4, kila moja ikiwa na diski za terabaiti 20. Muuzaji ataandika terabaiti 80, na mkurugenzi wa fedha atagawanya bei kwa 80 ili ajue terabaiti moja inamgharimu kiasi gani. Hapo ndipo anapopotea. Kila kipande cha data katika mfumo huu huandikwa kwenye seva mbili tofauti, ili moja ikizimika kazi isisimame. Kwa hiyo 80 ni 40. Seva moja ikifa, programu huanza kutengeneza upya nakala zilizopotea kwenye seva zilizobaki, na kazi hiyo inataka nafasi. Nafasi hiyo lazima iachwe wazi tangu siku ya kwanza, nayo ni sawa na seva nzima. Zimebaki seva 3, terabaiti 60, ambazo kwa nakala mbili mbili ni 30. Tena ghala la namna hii halijazwi hadi mlangoni. Mpangaji makini huacha kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya ukuaji na shughuli za mfumo wenyewe. Jibu ni 24.

Maana yake bei ya kweli ya terabaiti moja ni zaidi ya mara tatu ya ile aliyoikokotoa mkurugenzi.

Muuzaji mjanja atajibu kwamba kuna njia ya kupunguza upotevu. Data inaweza kukatwa vipande 3, kikaongezwa kipande cha 4 cha hesabu ya kurudishia kitakachopotea. Ni kweli, na upotevu hushuka kutoka nusu hadi robo. Lakini vipande 4 vinataka seva 4, na moja ikifa hakuna ya tano ya kujengea upya. Mfumo utaendelea kuchechemea hadi seva nyingine iletwe. Kama kifaa kinaagizwa kutoka Dubai na kusubiri bandarini, hizo ni wiki za kufanya biashara bila akiba yoyote. Atajibu vilevile kwamba programu hubana data ikachukua nafasi ndogo. Hesabu za wateja hubanika vizuri, ila video za kamera za ulinzi na data iliyokwisha kufungwa kwa siri hazibaniki kitu. Ahadi ya kubana mara tatu au nne ambayo haikupimwa kwa data ya mnunuzi mwenyewe ni maneno ya mnadani.

Kuna na suala la idadi. Seva 2 peke yake hazitoshi, kwa sababu zikipoteza mawasiliano kila moja hudhani mwenzake amekufa, na kila moja huanza kuandika kivyake. Inahitajika kura ya tatu. VMware ina mpango wa matawi madogo ambapo seva 2 hukaa tawini na shahidi mdogo hukaa mahali pengine, makao makuu kwa mfano, kazi yake ikiwa ni kupiga kura tu. Kwa tawi la benki au bohari la mikoani mpango huo unafaa, na ni nafuu kuliko seva 3 zisizo na kazi ya kutosha.

Mtandao nao usibaniwe. Kila kinachoandikwa lazima kisafiri hadi seva ya pili kabla mteja hajaambiwa kazi imekamilika. Mtu aliyenunua diski za flashi za bei mbaya kisha akaziunganisha kwa swichi ya gigabiti 1 amenunua lori na kulipitisha kichochoroni. Gigabiti 10 ndizo za kuanzia, na 25 kwa diski zenye kasi. Aidha nakala mbili za ndani ya mfumo si nakala ya akiba: karani akifuta faili kwa makosa, linafutika kote kuwili. Bajeti ya akiba ya nje iwe na mstari wake.

Leseni na dola

Hapa ndipo soko lilipobadilika, na wengi bado wanapanga kwa hesabu za zamani. Mei 2022 Broadcom ya Marekani ilitangaza kuinunua VMware, kampuni inayotawala biashara ya mashine pepe, kwa takribani dola bilioni 61. Mauzo yalikamilika Novemba 2023. Mwezi uliofuata leseni za kununuliwa mara moja na kubaki mali ya mteja zilisitishwa, zikabaki za kukodi kwa muda. Hesabu ya kukodi hufuata viini vya prosesa, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16. Aliyenunua prosesa yenye viini 8 ili abane matumizi hulipia 16 vilevile.

Rudi kwenye mfano. Seva 4, kila moja na prosesa 2 za viini 16, ni viini 128. Data ikijaa kabla kazi za seva hazijaongezeka, mteja hawezi kuongeza kabati la diski peke yake kama zamani. Diski za ndani zikishafika ukomo ataongeza seva ya tano, na pamoja nayo viini 32 vya kulipia kila mwaka, hata kama viini hivyo vinalala. Zaidi ya hapo, ghala la VMware likipita kiasi kinachoambatana na leseni ya viini, ziada hulipiwa kwa terabaiti ghafi. Ni zile 80 za kwenye profoma zinazohesabiwa, siyo zile 24.

Wakubwa nao hawakusalimika. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, iliipeleka Broadcom mahakamani mwaka 2024 ikidai haki ya kuendelea kupewa huduma kwa leseni ilizonunua zamani, na mwaka huohuo pande mbili zikapatana. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mombasa hana mawakili wa namna hiyo.

Halafu leseni hulipwa kwa dola wakati mapato ni ya shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika Sh. 160 za Kenya, na mwishoni mwa mwaka huohuo ilikuwa karibu Sh. 129. Leseni ya dola 10,000 ilikuwa Sh. milioni 1.6 kwa aliyelipa mapema na Sh. milioni 1.29 kwa aliyelipa baadaye. Safari hii bahati ilikuwa upande wa aliyechelewa. Mpango wa miaka 5 hauwezi kusimama juu ya bahati.

Kwa wenye hisa

Mpinzani mkuu, Nutanix, aliingia soko la Nasdaq Septemba 2016 kwa dola 16 kwa hisa, na siku hiyohiyo hisa ikafunga kwa dola 37. Waliorukia siku ile kwa bei ya juu walipaswa kujua kuwa wananunua kampuni ya hasara. Mwaka wa fedha ulioishia Julai 2024 bado ulikuwa na hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Wateja wanaoikimbia Broadcom ni neema kwake, lakini naye hukodisha programu yake kwa viini. Atakayehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine amebadili mwenye nyumba tu.

Wengine wameacha uwanja. HPE iliinunua SimpliVity mwaka 2017 kwa dola milioni 650. Cisco ilitangaza Septemba 2023 kwamba inaifunga HyperFlex, mfumo wake yenyewe, wiki chache tu baada ya kutangaza ushirika na Nutanix. Programu za wazi kama Ceph na Proxmox hazidai leseni kwa viini, ila zinadai fundi anayejua kazi, na fundi huyo ana mshahara.

Haipakonvaji inamfaa yule ambaye kazi na data zake hukua pamoja. Mwenye video, picha za hospitali au nyaraka zilizopigwa skani, ambazo huongezeka kila siku na kuguswa kwa nadra, abaki na kabati la diski la kawaida, au agawanye: hesabu na malipo kwenye mfumo mpya, nyaraka kabatini. Mwenye hisa katika benki au bima naye aulize kwenye mkutano mkuu kampuni ilisaini leseni ya miaka mingapi, na kwa sarafu gani. Mikataba ya miaka 3 iliyosainiwa mwanzoni mwa 2024 inaisha mwanzoni mwa 2027, na kuhamisha mashine pepe mia moja kwenda mfumo mwingine ni kazi ya miezi. Anayesubiri barua ya bei mpya ndipo aanze kutafuta mbadala atalipa bei atakayoambiwa.